Siku ya Kwanza ya Vita vya Mto Baridi

Kwa miaka sita nilikuwa na mpiga pasi bora kuliko wote katikati ya jiji la Johannesburg, na kwa miaka yote hiyo sita nilijua kuwa si mpiga pasi. Naanza na hilo ili msomaji asije akanipa sifa zisizo zangu. Sifa zote za humu ni zake yeye.

Karakana yangu iko ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu, juu ya maduka ya jumla ya vitambaa. Chini yetu wanauza mablanketi, juu yetu kuna kanisa, na kwaya ikianza kupiga miguu siku za Jumatano vumbi la dari linatushukia kwenye kazi. Tunashona sare za shule na majoho ya kwaya, na mwaka ukielekea mwisho tunashona magauni ya harusi. Mimi ni mtu wa Tanga, mkata vitambaa. Mkono wangu haukosei. Mdomo ndio una shida, na wanaofanya kazi kwangu wamekwisha kuuzoea.

Alinijia siku ya baridi kali, bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Nilimuuliza anajua kazi gani.

"Nilikuwaka mwalimu wa historia kule Bukavu, mama. Miaka kumi na moja."

"Historia hainyooshi marinda, baba. Pasi unaijua?"

Alisema anaijua. Tangu mdogo alikuwa akijipigia pasi mashati yake mwenyewe, kwa sababu kwao mwalimu aliyekunjamana haheshimiwi. Nikamtupia sketi moja ya shule, ile yenye marinda ishirini na manne. Alifanya kazi kama mtu anayesahihisha madaftari: mstari kwa mstari, haruki, harudii. Siku hiyo hiyo nikampa kazi. Ile bahasha aliitundika msumarini nyuma ya ubao wa pasi, ndani ya mfuko wa nailoni usipite mvuke. Vilikuwa vyeti vyake, vimeshatafsiriwa na kupigwa mihuri yote ya nchi hii, vinangoja.

Sasa niseme aibu yangu. Barabara ya pili kutoka kwetu kuna shule ndogo ya binafsi, ghorofa tatu za jengo lililokuwa ofisi. Sare zao ni mimi ninayeshona. Mwalimu mkuu wao ni mama wa hapa hapa, Mzulu, mtu wa maneno machache. Mwaka juzi alikuja kuchukua masweta, akaniuliza, "Mama, wewe unajua watu wengi. Humjui mwalimu wa historia? Wangu ameondoka." Mpiga pasi wangu hakuwepo, alikuwa ameshuka kununua mkate. Nilitazama lundo la sketi zilizokuwa zikimngoja, nikasema, "Simjui." Ulimi haukukwama hata kidogo. Mwaka ukapita hivyo, na sketi zikanyooka.

Kilichokuja kunisuta ni vita vya watu waliokufa zamani sana, huko Ulaya.

Miaka ile mgao wa umeme ulikuwa umekolea. Saa mbili, saa nne, cherehani zote kimya, na sisi tumekaa kama wafiwa. Mwanzoni tulikuwa tunasengenya. Halafu siku moja dada wa Lubumbashi, anayetushonea vifungo, alimwambia mpiga pasi, "Papa, wewe ulikuwaka mwalimu. Tufundishe basi." Alikuwa anamtania. Yeye akaweka kitambaa chake cha mkono begani, akauliza, "Nibafundishe nini?" Dada akasema anataka vita, lakini vita ambamo Mungu yumo.

Akaja kwenye meza yangu ya kukatia. Mikasi miwili mikubwa akaisimamisha ikawa milima. Kipande cha bitana ya buluu kikawa mto, akasema huo mto jina lake maana yake ni Baridi, na uko chini ya milima ile inayoigawa Italia na nchi za mashariki. Vifungo vyeupe akavipanga bondeni: jeshi la mfalme wa magharibi. Bobini za cherehani akaziweka juu mlimani: askari wa mfalme wa mashariki. Roma ilikuwa moja, wafalme wawili, na mmoja hakumtambua mwenzake. Wote walijiita Warumi.

"Na huyu mufalme wa magharibi," akasema, akachukua kastabini yangu akaiweka nyuma ya vifungo vyeupe, "alikuwaka mwalimu."

Karakana nzima ikacheka. Tulidhani anajisifu.

"Mwalimu kabisa. Alikuwa anafundisha watoto ya bakubwa namna ya kusema vizuri mbele ya bantu. Kulikuwa generali mwenye nguvu, lakini generali mwenyewe alikuwa mugeni, Mufranki. Mugeni hawezi kukaa kwenye kiti ya Roma. Basi akamukamata mwalimu, akamuvalisha nguo ya zambarau, akamukalisha pale."

Nikauliza ni fundi gani aliyemshonea joho hilo na kama lilimkaa vizuri. Nilikuwa nauliza kwa utani, lakini alifikiri kwanza. "Hakuna mwenye aliandika," akasema. Hilo ndilo jambo la kwanza nililompendea kama mwalimu. Kwetu mtu akipewa meza na watu wa kumsikiliza, hakosi jibu. Yeye kile asichokijua alikiacha wazi, akaendelea mbele bila haya.

Umeme ukarudi. Alinyamaza katikati ya sentensi, akaenda kwenye pasi yake. Tulipiga kelele, tukamwomba amalizie, akasema kazi ya mama kwanza. Ikabidi tungoje mgao wa kesho yake, na naapa hiyo ndiyo siku pekee niliyowahi kutamani umeme ukatike.

Kesho yake alianza kwa kuniomba vifungo vyeusi vya makoti. Akavipanga mbele ya bobini, safu nene.

"Hawa ni Bagothi. Bageni. Hawakuwa Baroma, balikuja kuomba pa kukaa, na mapatano yao ilikuwa: tutabapatia udongo, na nyinyi mutatupigania. Siku ya kwanza, mufalme wa mashariki anashuka mulima. Nani anatangulia?"

 Akaanza kuvisukuma vifungo vyeusi kuelekea bondeni, vichache vichache, na kila mara anaviangusha sakafuni. Vilikuwa vinagonga mbao na kubingirika chini ya cherehani. Alifanya hivyo mpaka nusu ya safu ikaisha. Bobini zote zilikuwa bado juu mlimani.

"Banasema elfu kumi. Benye kuhesabu kisha vita banapenda hesabu ya muviringo, kwa hiyo usiamini sana. Lakini balikuwa bengi. Magaribi ile, mwalimu wetu wa zambarau alifikiri ameshinda. Akaanza kubagawia askari wake zawadi."

Dada wa Lubumbashi alikuwa amekunja uso. "Kwa nini huyo mufalme wa mashariki alibachukia hivi hawa bageni?"

"Apana, hakubachukia," mpiga pasi akasema, na alisema taratibu sana. "Alikuwa anabahitaji tu."

Mimi nilikuwa nakunja kitambaa. Nilikikunja, nikakikunjua, nikakikunja tena. Sikumsikiliza vizuri aliposimulia yaliyofuata: namna mfalme wa mashariki alivyolala akiomba Mungu, namna kikosi kilichotumwa kumzibia njia ya nyuma kilivyogeuka kikawa upande wake, na namna siku ya pili ulivyoshuka upepo kutoka mlimani ukawapiga watu wa magharibi usoni, mpaka mishale yao wenyewe ikawarudia. Dada alipiga vigelegele. Alivipulizia vifungo vyeupe kwa mashavu yote mawili, havikutikisika, watu wakavunjika mbavu. Mimi nilicheka na wenzangu huku moyo ukiniuma. Sikuwahi kumchukia mtu yule hata siku moja. Nilimpenda kama ndugu. Nilimletea uji alipougua. Nilikuwa namhitaji tu.

Jioni ile nilimpigia simu mwalimu mkuu. Nafasi ilikuwa bado wazi. Aliyeishika aliondoka baada ya muhula mmoja. "Ninaye mtu," nikamwambia, na sikumwambia tangu lini. Akasema alete vyeti, na Alhamisi aje afundishe kipindi kimoja mbele yake, somo lolote la zamani alipendalo.

Nilipompa habari, mpiga pasi aliketi juu ya gunia la mabaki.  Kisha akauliza, "Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza, baba. Ulidhani kwa Kifaransa?"

"Eish," akasema, neno la mshangao ambalo sisi wageni wote hujifunza hapa mapema kuliko mengine yote.

Tulimfanyisha mazoezi siku tatu. Kiingereza chake kilikuwa kinashika ukuta, lakini kilitembea. Suti yake niliikata mimi mwenyewe, kijivu, mistari myembamba, na aliigombania kila sentimita kama walivyo wanaume wa Kongo kwenye nguo. Hapo ndipo nilipofanya kosa jingine. Nilimsikia anavyofundisha ile siku ya kwanza, nikaingiwa na hofu. Nilimwambia akate kipande hicho. Mji huu tunaujua. Neno mgeni likitajwa vibaya watu hubadilika nyuso. Mwalimu mkuu angedhani amekuja kulalamika. "Anza na upepo," nikamwambia. "Watoto wanapenda upepo. Kilichozidi kwenye kitambaa hukatwa."

"Mama, siku ya kwanza njo somo yenyewe."

"Unataka somo au unataka kazi?"

Alinitazama, akainamisha kichwa. Akasema sawa, mimi ndiye niliyemtangulia katika mji huu.

Alhamisi nilijitafutia sababu ya kuwa pale. Nilisema nimekuja kuwapima watoto wa darasa lile masweta ya majira ya baridi, na mwalimu mkuu akanipa kiti nyuma, karibu yake. Nilikuwa na futi yangu ya kamba shingoni. Watoto walikuwa thelathini na mbili, wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, kelele tupu: Kizulu, Kiingereza, na hapa na pale Kiswahili cha mtoto aliyezaliwa hapa hapa mjini, Hillbrow, anayekielewa lakini hakitaki.

Mlango ukafunguka, akatokea. Suti ilimkaa, nami ndiye ninayesema. Akasimama pale mlangoni, visigino pamoja, na hakuingia.

Watoto wakaendelea kuongea. Yeye akasimama tu. Nikaona mwalimu mkuu anatazama saa yake. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama huyu ni mtu wa kanisa. Bado amesimama, jasho limeanza kumtoka juu ya mdomo, na mwalimu mkuu akaninong'oneza, "Ameshikwa na woga?"

Hapo nikafahamu. Alikuwa anangoja darasa lisimame. Kwao Bukavu na kwetu Tanga ni mamoja: mwalimu akitokea mlangoni, watoto husimama na kumwamkia, ndipo anaingia. Hakuna aliyemwambia kuwa hapa wengi hawafanyi hivyo. Miaka mingi alikuwa amejiandaa kwa kila jambo isipokuwa hilo, naye asingeweza kuingia darasani kwa njia nyingine, kama mtu asivyoweza kuingia nyumba ya watu bila hodi.

Nikasimama. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na minane, futi shingoni, nikatamka kwa sauti yangu ya sokoni: "Shikamoo, mwalimu!"

Yeye ana miaka hamsini na mmoja. Anayeijua lugha hii anajua shikamoo hiyo iliteremka mlima badala ya kupanda. Darasa likaangua kicheko. Lakini msichana mmoja wa dirishani, nadhani kwao ni Dar, akasimama bila kufikiri, "Shikamoo." Mwingine akamfuata. Kisha wote wakainuka, nusu kwa mzaha, viti vikikwaruza, wanalitamka neno hilo kila mtu kwa namna yake.

"Marahaba," akajibu. "Sit down, please." Akaingia.

Akaanza na upepo, kama nilivyomwamuru. Alichora mlima na bonde, akauleta upepo ubaoni kwa ubavu wa chaki, na mara darasa likatulia. Mwalimu mkuu aliandika kitu. Nikaanza kupumua. Ndipo kijana mrefu wa safu ya kati akainua mkono. "Sir, umesema yule mfalme mwalimu alikuwa ameshaanza kuwagawia watu wake zawadi. Ataanzaje kugawa zawadi kabla ya kushinda?"

Mpiga pasi akageuka. Akanitazama mimi huko nyuma, na mimi nikaangalia magoti yangu.

"Swali lako ni zuri," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Swali ni zuri kwa sababu mimi nimekosa. Kuna siku nzima nimeiruka. Nimewafundisha vibaya. Tunaanza upya."

Akafuta ubao wote.

Nilitaka ardhi inimeze. Mtu anaombewa kazi, na mbele ya anayempima anatangaza kuwa amekosa! Lakini yeye alikuwa ameshasahau kuwa anapimwa. Aliwasimamisha watoto wa safu mbili za mbele, akawapanga kati ya ubao na madawati, akawaambia nyinyi ni Wagothi. Akawaeleza walivyokuja kuomba mahali, na mapatano waliyopewa. Halafu akawa anamgusa mmoja bega, anamwonyesha akae sakafuni. Anagusa mwingine, sakafuni. Kila mmoja alimwuliza, "Ulikuwa unataka nini?" Mmoja akasema shamba. Mmoja akasema kurudi kwa mama. Mmoja, kwa kutania, akasema gari aina ya BMW, na darasa halikucheka. Mpaka nusu yao wako chini.

"Sasa leteni upepo," akasema.

Kijana yule mrefu akauliza waliobaki walifanya nini. Akawaambia kuwa mmoja wa viongozi wao alitoka hai kwenye mto ule, na miaka isiyotimia ishirini baadaye aliingia Roma yenyewe kwa nguvu, na wengi wanadhani hakuisahau siku ile. "Sisemi wageni walikuwa malaika," akasema. "Walikuwa askari, walichukua malipo, na wao pia waliua. Nasema tu walikuwepo, na walikuwepo siku ya kwanza."

Msichana wa dirishani akauliza habari za mfalme mwalimu. Akasema walimkamata, akapiga magoti mbele ya mshindi, wakamkata kichwa. Msichana akauliza, "Na wanafunzi wake je?" Mpiga pasi akaweka chaki chini.  Akamjibu kuwa hakuna aliyeandika, na kwamba hata yeye angependa sana kujua.

Kengele ilipolia hakuna aliyeinuka upesi. Mwalimu mkuu alifunga daftari lake. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kumwona mwalimu wa majaribio akifuta ubao wake mwenyewe. "Jumatatu aanze," akasema. Mimi nililia pale pale, sikujificha, na mtoto mmoja akanipa karatasi ya choo kutoka mfukoni mwake.

Nimepata mpiga pasi mwingine tangu hapo. Anaunguza kola. Simlaumu, huyo ni mpiga pasi tu, na mimi nilizoea vingine.

Masweta niliyapeleka mwezi wa tano, nikayabeba mwenyewe. Nilimkuta mpiga pasi wangu wa zamani koridoni, vitabu kwapani, anaelekea darasani. Alifurahi kuniona, akanipokea mzigo, akaniita mama mbele ya watoto. Wema huo ukanishinda. Nilimweleza yote papo hapo, nimesimama: kwamba mwalimu mkuu aliniuliza mwaka mzima kabla, na kwamba nilisema simjui mtu.

Hakupandisha sauti. Aliuweka mzigo chini, pembeni, watoto wasiukanyage. Nilitaka aseme yamepita. Wakongo ni watu wa kusamehe kwa maneno mengi, nami nilikuwa tayari kuyasikiliza yote.

"Mwaka moja, mama," akasema, "ni darasa mzima. Bale batoto balimaliza. Sitabafundisha tena."

Kisha akaniaga kwa heshima ile ile ya siku zote, akaingia darasani, akafunga mlango. Nilibaki koridoni na masweta yangu, namheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu.